Mkono wa Kushoto wa Pak Darmaji

Bu Ginah alikitua chungu cha mboga mezani, ubavuni kabisa mwa kompyuta, na mvuke ukaanza kuingia kwenye vitufe.

"Ondoa kopo lako," alisema. "Meza hii ni ya chakula."

Endah aliifunga kompyuta akaibeba mapajani. Tangu mumewe Prih aende kufanya kazi kiwandani Batam, alikuwa akiishi na wakwe zake hapo Klaten, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa "yule", na siku za amani "mke wa Prih". Kazi yake hawakuihesabu kuwa kazi. Alirekodi milio ya kengele, filimbi na ngoma, kisha akaipanga kwenye programu inayoitwa sampla, ili mtu wa mbali akibonyeza kinanda chake, kengele ya Klaten imlilie hukohuko aliko. Siku ya kwanza alipomweleza mama mkwe, Bu Ginah alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa kengele yenyewe ina kasoro gani?"

Adhuhuri ile alikuja Trubus, kiongozi wa kundi la muziki wa harusi. Pak Darmaji, baba mkwe wake Endah, ndiye aliyeliunda kundi hilo, na ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake mpaka leo. Trubus alikunywa chai, akaisifu. Akauliza habari za mpunga, akausifu. Akamsifu hata jogoo wa jirani. Hapo wote waliokuwa sebuleni wakajua kuna jambo baya, maana kwetu hakuna anayemfukuza mtu kazi waziwazi. Husifia vitu kwanza, mpaka mwenyewe aanze kuogopa.

"Baba amefanya kazi sana," Trubus alisema mwishowe. "Harusi ya Jumamosi apumzike tu, akae mbele na wageni. Ngoma nitaitoa kwenye kinanda."

Pak Darmaji aliuficha mkono wa kushoto chini ya saruni. Ulikuwa ukitetemeka tangu mavuno, mtaa mzima ulijua, na hakuna aliyethubutu kutamka. Mkono wa kushoto ndio unaotoa "tak", kofi kavu la upande mdogo wa ngoma, lile linalowainua watu vitini. Mwezi uliopita bibi harusi alikuwa akicheza, akaingoja tak, isije, akabaki mguu juu kama kuku.

"Ngoma ya nani?" mzee aliuliza.

"Zipo tu, Baba. Za kawaida."

"Ya nani, Trubus?"

"Ya Pak Sungkono."

Bu Ginah alikiacha kikombe kikajaa mpaka chai ikamwagikia sahani. Sungkono wa Boyolali alikubali kurekodiwa zamani, na mapigo yake yakasambaa kutoka kinanda hadi kinanda mpaka hakuna harusi yasikolia. Ndiye aliyewahi kusema mbele ya watu kwamba Darmaji hapigi ngoma, anaosha mchele. Wazee hao hawakusalimiana tena, hata Idi.

"Kundi langu," Pak Darmaji alisema taratibu, "lipige kwa mikono ya Sungkono? Pigeni masufuria, itakuwa heshima zaidi."

"Tufanyeje, Baba? Wenye harusi wanataka kucheza."

Endah alikuwa mlangoni na sinia la ndizi za kukaanga. Hakuwa na ruhusa ya kuingia katika mazungumzo, akaingia. "Baba angekubali, tungerekodi mikono yake mwenyewe."

"Nani amemuuliza yule?" Bu Ginah alisema, akiiambia ndizi.

Lakini Trubus aliliparamia wazo lile, kwa sababu lilimwokoa na aibu. Mazoezi yalikuwa Alhamisi. Mlio ukifaa, Jumamosi kundi lingepiga kwa mikono ya Pak Darmaji, na harusi zote zitakazofuata. "Usipofaa, Baba," aliongeza kwa sauti laini kama unga, "utanisamehe, nitakuwa sina la kufanya." Alikunywa chai iliyobaki, akaisifu tena.

* * *

Walirekodi katika chumba cha nyuma. Endah aliegemeza magodoro ukutani, akafukuza kuku, akachomoa friji. Bu Ginah alipita mara kwa mara kutangaza kwamba barafu yake inayeyuka na kwamba watu wa mji huu sasa wanalaza magodoro yakiwa wima.

Pak Darmaji alikuja amevaa shati la batiki la harusi na kilemba chake, amejipaka manukato, kama mtu anayepokelewa ofisini. Alikaa nyuma ya ngoma. Endah alichuchumaa chini yake ili kichwa chake kisizidi cha mzee, maiki mkononi.

"Kila pigo nitaliomba mara nyingi, Baba."

"La kwanza hukulisikia?"

"Nimelisikia. Lakini pigo moja likirudiwarudiwa, sikio linagundua haraka. Linakuwa kama cherehani. Nikiwa nayo mengi, sampla inayapokezana."

"Mimi maisha yangu yote sijapiga pigo lilelile mara mbili," mzee alisema, "na sikuhitaji kopo kunipokezanisha."

Akapiga. Na hapa ndipo penye kosa, na ni kosa letu sisi, mtu wa kwingine asingelifanya. Endah aliifahamu kazi yake. Kila wiki aliwaandikia wateja wake wageni, akawahubiria: rekodi pigo la taratibu, rekodi la kati, rekodi la nguvu, kila moja peke yake, maana mnong'ono ukiupandisha sauti hauwi ukelele, unakuwa mnong'ono mkubwa. Wageni waliitikia, wakashukuru. Lakini mbele ya baba mkwe alishika adabu. Mkwe hamwagizi mzazi. Mkwe hamwambii, "Zidisha, hiyo ni dhaifu."

"Pengine, kama Baba ataona vema," alisema, "labda kidogo, zaidi kidogo..."

Mzee aliitika "naam" ya adabu, akapiga vilevile. Alipiga kama anavyommiminia mgeni chai. Mkono wa kulia ulikuwa na heshima, wa kushoto ulikuwa na heshima na woga, na ngoma nzima ikawa inaomba radhi.

"Imetosha?"

"Imetosha, Baba. Nzuri sana."

Kisha akajifungia na kompyuta akahangaika kuiokoa. Aliacha pumzi ya mzee iliyotangulia kila pigo, kwa sababu bila pumzi mlio unaanguka kutoka hewani. Alipanga "dung" ndefu, mvumo mzito wa upande mkubwa, ikatike tak ikiingia, kama kiganja kinavyoizima ngoma ya kweli. Mambo hayo yote yalikuwa sahihi. Kisha akachukua mapigo yale laini, akayapandisha, akayachonga mbele yakawa makali, akayaweka mahali pa mapigo ya nguvu. Alijua anajidanganya, akaendelea.

* * *

Alhamisi, uwanjani kwa Trubus, Pak Darmaji alipewa kiti cha mbele chenye mto. Waimbaji walikuwepo, wapiga kinanda, na majirani waliojileta. Kompyuta ya Endah iliunganishwa na kinanda kidogo, Trubus akaweka vidole.

Mwanzo wa wimbo ulikwenda salama. Ngoma ilinong'ona pale inapotakiwa kunong'ona, na mzee akaanza kutikisa kichwa. Wimbo ukapata moto. Trubus akabonyeza kwa nguvu, tak ikatoka, na kila mtu akaisikia: kandambili kwenye sakafu yenye maji.

Mwimbaji mmoja, Watik, alishika mdomo asicheke, akashindwa. "Nani anafua huko?" alisema.

"Hafui," jirani mmoja alijibu. "Sungkono si alishasema? Ni mchele huo."

Waliocheka hawakuwa na nia mbaya sana, ndiyo maana kicheko chao kiliuma. Pak Darmaji alitazama magoti yake. Trubus alikohoa, akasema hali ya hewa ni nzuri, akabonyeza kitufe kingine. Ikaingia ngoma ya Sungkono.

Ilipasuka uwanjani kama mlango uliopigwa teke. Watik alianza kukatika kabla hajajua. Watoto waliruka. Na chini ya kiti chenye mto, mguu wa Pak Darmaji ulikuwa unagonga ardhi kufuata mapigo, wenyewe tu, bila idhini yake. Aliuona. Akaukanyaga kwa mguu wa pili mpaka wimbo ukaisha.

"Jumamosi, basi," Trubus alisema.

"Nipe mpaka kesho jioni, Kaka," Endah alisema.

"Usimchoshe mzee, shemeji."

"Mpaka kesho."

Trubus hakukubali wala hakukataa. Alisema tempe, ile soya ya kuchachusha, ilikuwa tamu.

* * *

Njiani mzee alitangulia. Alipofika kizingitini akageuka. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Mkono ulipoanza kutetemeka nilibaki na jina. Leo umelichukua na jina."

Bu Ginah alikuwa amekwisha sikia, kwa sababu habari za aibu hapa hazisubiri mtu avue viatu. Nguo za Endah zilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, barazani.

"Kesho panda basi urudi kwa mama yako," alisema. "Umwambie tumeshindwa sisi. Hatukujaliwa kulea watu wa makopo."

"Nitaondoka, Mama. Baada ya kumrekodi tena."

"Kumrekodi nani tena?"

"Baba."

Bu Ginah alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekosa tusi la kutosha.

Endah alijilaza juu ya magodoro yaleyale ya chumba cha nyuma, lakini hakulala. Alikuwa na hasira na Watik, na Trubus, na jirani mwenye mchele, na zaidi na nafsi yake. Mkono wa mzee ulikuwa unakwisha. Mwezi ujao hakungekuwa na tak ya kurekodi, iwe ya adabu au isiyo na adabu. Angeitaka kesho au asingeipata kamwe, na alijua kuna njia moja tu ya kumtoa mzee yule kwenye ile adabu ya ugeni. Aliiogopa njia hiyo kuliko alivyoogopa basi la kurudi kwao.

Ijumaa asubuhi, mzee akiwa hajaoga kwa ajili ya swala, amevaa fulana yenye matundu, Endah alimwendea barazani. Hakuinama. Alisimama wima mbele yake.

"Baba, njoo ukae kwenye ngoma."

Pak Darmaji aliinua macho. "Unasemaje?"

"Siku ile ulipiga vibaya."

Jikoni kisu cha Bu Ginah kilinyamaza.

"Mashine haikukosea," Endah aliendelea. "Wewe ulipiga ovyo, na mimi nikakudanganya kwamba ni nzuri. Haikuwa nzuri. Ulipiga kama mtu anayebisha hodi kwa mkopeshaji."

"Ginah, unamsikia huyu?"

"Namsikia," Bu Ginah alisema kutoka mlangoni. "Endelea, mwanangu. Ujimalize vizuri."

"Sungkono alisema unaosha mchele. Mimi nilidhani ni wivu. Jana nimeusikia mchele kwa masikio yangu."

Mzee alisimama kwa ghafla mpaka kiti kikaanguka. Endah alidhani atapigwa, na moyoni akakubali. Lakini Pak Darmaji alimpita, akaingia chumba cha nyuma, akakaa nyuma ya ngoma na fulana yake ya matundu, akapiga tak.

"Hiyo ni ya kubembelezea mtoto," Endah alisema, akiwasha kinasa.

Tak.

"Watik atacheka tena."

"Toka nyumbani kwangu," mzee alisema.

"Piga kwanza."

"Toka." Tak. Safari hii mlio uligonga ukuta ukarudi. Mshale wa kupimia sauti kwenye kioo uliruka mpaka kwenye nyekundu, Endah akaurudisha kidogo.

"Tena."

"Toka." Tak. "Toka." Tak. "Mbwa hana adabu, lakini hulala nje. Toka."

"Tena. Sungkono anakusikia."

Akapiga. Kila kofi lilibeba neno lile, yakatoka pamoja, mdomo na mkono. Mishipa ya shingo ilimsimama. Kulikuwa na tak zilizokuja na ukali wa fimbo, na nyingine zenye kicheko cha ndani, zile za ujana wake ambazo watu wa umri wangu bado wanazikumbuka. Endah alikuwa analia, na bado alisema "tena", kwa sababu yale hayakuwa mapigo ya kati, yalikuwa ya nguvu kabisa, na alihitaji mengi ili yapokezane. Alisema "tena" kwa mwanamume ambaye yeye mkwe hata jina lake halitamki.

Kisha mzee akapiga, pasitoke mlio. Vidole vilishuka juu ya ngozi vikabaki hapo. Alijaribu kuviinua. Alivitazama kwa mshangao, kama mtu anayemtazama mtoto wake akikataa kuitika.

Bu Ginah aliingia, akauchukua mkono ule akauweka kifuani pake. Kwa mkono mwingine alimchapa Endah na kitambaa kibichi cha vyombo, usoni, mara moja.

"Umeumaliza," alisema. "Umefurahi?"

"Hapana, Mama."

* * *

Mchana wanaume wakiwa msikitini, Endah alikaa na hedifoni akipanga mapigo. Yalikuwa mazuri mpaka aliogopa kuyagusa. Akayasikiliza moja baada ya jingine, akagundua lililomo ndani. Mkiani mwa kila tak ya nguvu, pale mlio unapokwenda kuzimika, lilikuwepo neno lile, "toka".

Alikata mkia. Tak ikafa, ikawa gome la mti. Alijaribu kuchuja sauti ya mzee peke yake, ngozi ya ngoma ikaondoka nayo. Akaazima mkia wa pigo laini akauunga nyuma ya pigo la nguvu, na kiungo kikasikika kama kigugumizi. Kila hila aliyowafundisha wageni aliijaribu. Mapigo mengine hayakuwepo, na mkono wa kuyapiga haukuwepo.

Mzee aliporudi, alimkuta Endah akimsubiri barazani karibu na mfuko wake wa nguo. Endah akamvika hedifoni mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa kichwa baba mkwe wake. Pak Darmaji alisikiliza, na uso wake haukubadilika.

"Neno lile limo," alisema.

"Limo katika mapigo yote ya nguvu, Baba. Nikilitoa, pigo linakufa. Ukitaka nilitoe, nitalitoa, na Trubus atatumia ya Sungkono."

"Watu watalisikia?"

"Watasikia mzee anaguna akipiga. Neno lenyewe tunalijua sisi wa nyumba hii."

Mzee aliuangalia mkono wake uliolala pajani. Bu Ginah, mlangoni, alikuwa ameacha kumenya vitunguu.

"Liache," mzee alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Lakini usijidanganye kwamba nimelifuta. Nililikusudia."

"Najua, Baba."

"Na ukija na maneno ya Sungkono tena humu ndani, nitalisema bila ngoma." Akavua hedifoni akampa. "Haya, mpelekee Trubus. Mfuko uache hapohapo, utaamuliwa Jumapili."

* * *

Jumamosi hema la harusi lilijaa mpaka barabarani. Trubus alikuwa ameijaribu ngoma ile jioni ya Ijumaa, peke yake, na kwa mara ya kwanza hakusifia kitu chochote. Alisema tu, "Tutapiga hii." Pak Darmaji aliketishwa mbele na wageni wa heshima, amevaa batiki, mkono wa kushoto mfukoni. Bu Ginah alikuwa pembeni yake akimkatia nyama. Endah hakupewa kiti. Alisimama nyuma karibu na waosha vyombo, akiangalia waya wa kompyuta yake usije ukakanyagwa.

Wimbo wa kwanza ulianza taratibu, watu wakila. Wa pili ukawa na moto. Trubus akabonyeza kwa nguvu na tak ikapasuka hemani, kavu, ya zamani, na vijiko vikasimama midomoni. Mzee mmoja wa Boyolali, mgeni wa upande wa bwana harusi, aligeuka huku na huku akimtafuta mpigaji.

"Darmaji," alisema, "huyo ni wewe kabisa. Mpaka unavyoguna. Na wewe umekaa hapa."

"Ni mimi," Pak Darmaji alijibu.

Watik alikuwa amekwisha shuka jukwaani akicheza na wageni. Bibi harusi aliinuka. Tak zikaja mfululizo, zikipokezana, hakuna iliyofanana na mwenzake, na watu wakazipigia kelele. Pak Darmaji aligeuka kwenye kiti chake. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya wachezaji, yakatafuta, mpaka yakamwona mkwe wake kule nyuma kwenye mabeseni. Akamkazia. Na kwa kila tak iliyolia, midomo yake ikatamka neno lile pamoja nayo, bila sauti, bila kukosa hata moja.

Endah alilisoma kila mara. Akauinua waya usikanyagwe, akabaki amesimama palepale.